Beji ya Ndinda

Hapa Ukambani kuchimba kisima si jambo la kumtia mtu shaka. Mto ukikauka, mtu hushuka mchangani na jembe lake, akachimba mpaka maji yachuruzike, na akitoka humo hushukuriwa na majirani zake pamoja na punda wao. Lakini wahenga walipotunga methali ya mchimba kisima hawakuwa wakimsema huyo. Walimsema yule achimbaye shimo njiani ili mwenzake atumbukie, akalifunika kwa majani na kukaa kando kusubiri kishindo. Mtu huyo ana shida moja ambayo haioni: anayeijua njia ya kwenda shimoni ni yeye peke yake, na ndiye anayeipita kila siku. Hadithi ya Mutie ni hiyo, na mwenye wivu moyoni asiisikilize nusu.

Mutie alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali ya misheni iliyokuwa juu mlimani, mwendo mfupi kutoka soko la Mukuyuni. Aliingia kazini mwaka ule ule mtambo ulipoletwa kwa lori, miaka ya sitini ikiyoyoma, na watu walimjua kuliko walivyowajua madaktari, kwa maana madaktari walihama naye akabaki. Sokoni aliitwa Mutie wa Picha. Mtu akianguka kutoka juu ya paa au mtoto akimeza kitufe, Mutie alitajwa kabla ya Mungu kutajwa, jambo ambalo mchungaji hakulipenda lakini Mutie hakulikataza.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa kizamani. Ulikuwa na kioo ambamo mpiga picha aliweza kuona mifupa ikisogea papo hapo, mionzi ikiendelea kupita. Kazi ya kioo hicho ilitaka aproni nzito yenye madini ya risasi, na glavu za risasi pia, ili mionzi isimle mtu. Aproni Mutie aliivaa, akipenda. Glavu alizidharau waziwazi. Alisema mtu hawezi kuunyoosha mkono wa mtoto akiwa amevaa magunia mawili, na wagonjwa walipomwona akiwashika kwa mikono mitupu walimwona shujaa.

Kisha akaja Ndinda. Alikuwa binti kutoka kijiji cha Tulia, upande wa Kitui, aliyemaliza chuo Nairobi katikati ya miaka ya themanini. Mutie alimpokea vizuri, akamwonyesha mtambo ulivyo na ukaidi wake, naye Ndinda akawa anamwita Mwalimu. Miezi ya kwanza Mutie alimsifu mpaka nyumbani kwake. Binti alikuwa mpole na mwenye hadhari. Hakubonyeza swichi kabla ya kuhakikisha kila mtu amesimama nyuma ya ukuta wa risasi, na mama mjamzito hakumpiga picha kabla ya kwenda kumuuliza daktari mara mbili. Haukupita muda, akina mama wakaanza kufika dirishani na kuuliza kama yule msichana yupo. Wakiambiwa aliyepo ni Mutie, walikaa kwenye benchi wakasubiri.

Hapo ndipo Mutie alipofinywa na wivu kwa mara ya kwanza. Alijiambia ni upuuzi, akacheka, lakini kicheko hakikufika chini.

Mwaka uliofuata hospitali ilitembelewa na Bi. Wariara kutoka Nairobi. Yeye alikuwa mwanafizikia wa tiba, kazi ambayo wengi pale hawakujua kwamba ipo. Hakutibu mtu wala hakupiga picha. Alipima mionzi, ili ile inayomfikia mgonjwa iwe ya kutosha tu, na ile inayomfikia mfanyakazi isiwepo kabisa kama inawezekana. Alikuja na kisanduku kinacholia, akakipitisha nyuma ya ukuta, chini ya mlango, hata kwenye benchi la wagonjwa nje. Alisimama siku nzima akimtazama Mutie na Ndinda wakifanya kazi. Mwishoni aliwapa beji, kila mtu yake yenye jina lake, kijisanduku cha plastiki kama kiberiti chenye kipande cha filamu ndani. Mtu angeibandika kifuani kazini, na filamu ingekunywa mionzi yote inayompata. Kisha zingepelekwa Nairobi kusomwa.

Bi. Wariara alisema pia kwamba hospitali itahitaji msimamizi wa kinga ya mionzi, mtu ambaye neno lake ndani ya chumba kile litakuwa la mwisho, hata juu ya daktari. Atamchagua akirudi, baada ya kuona beji zinasema nini. Halafu, mbele ya wote, akamsifu Ndinda kwa jinsi alivyosimama. Daktari Muthama, mkuu wa hospitali, akamgonga Mutie begani na kumwambia kwa mzaha kwamba mtoto wake amempita. Watu wakacheka, na Mutie akacheka kuliko wote.

Mzaha ule alirudi nao nyumbani. Alikula nao, akalala nao. Jumapili kanisani Ndinda alipoongoza wimbo, Mutie aliuona ule wimbo kuwa wa kujionyesha. Mkewe Kaluki aliposema kwamba binti yule ana adabu, Mutie alisukuma sahani, akasema nyumba yake si mahali pa kuhubiri habari za Ndinda. Alikuwa amekaa katika chumba kile tangu kuta zikiwa na rangi mbichi. Sasa angekuja mtoto wa jana kumwambia asimame hapa, asimame pale? Wivu ulimla kama mchwa ulavyo mlango, kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiwa bado nzuri.

Wikendi zamu ilikuwa ya Mutie peke yake. Ijumaa jioni Ndinda aliitundika beji yake kwenye kigingi katika chumba cha giza cha kuoshea picha, kando ya beji ya Mutie, akaenda zake. Hapo Mutie akapata shauri. Beji ya Ndinda ikionekana imekunywa mionzi mingi, nani atampa mtu mzembe usimamizi wa usalama? Atasimamishwa kazi ya eksirei, na mambo yatarudi yalivyokuwa.

Alifikiri kwanza kuilaza beji mezani na kuimulika, amalize kazi mara moja. Lakini hakuwa mjinga wa mambo yake. Alikumbuka Bi. Wariara akieleza kwamba beji iliyolala mahali pamoja huacha kivuli chenye kingo kali katika filamu, na iliyovaliwa na mtu anayesogea huacha kivuli kilichofifia, na mwenye jicho hutambua. Beji ile ilihitaji mwili. Mwili uliokuwapo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wake.

Basi akaivaa. Yake aliiacha kigingini ipumzike. Kila wikendi alibandika beji ya Ndinda juu ya shati, bila aproni, akawa anasimama mbele ya ukuta badala ya nyuma yake. Mtoto aliyelia alimshika yeye mwenyewe mbele ya mtambo. Mfupa uliovunjika aliunyoosha chini ya kioo kwa mikono mitupu, taratibu, dakika baada ya dakika, hata pale ambapo picha moja ingetosha. Alijua anachofanya, si alikuwa akiwafundisha wenzake? Lakini mionzi haina moto wala harufu, na kitu kisichouma ni rahisi kukidharau. Isitoshe, wivu ulishamshawishi kwamba sumu yenye jina la Ndinda itamwendea Ndinda. Jumatatu asubuhi beji zote mbili zilikuwa mahali pake, na Ndinda alibandika yake kifuani akimsalimu Mwalimu wake kwa heshima.

Bi. Wariara aliporudi, hakucheka na mtu. Aliwaita wote wawili katika ofisi ya Daktari Muthama.

"Ndinda, beji yako imenishtua," alisema. "Ulikuwa unasimama wapi?"

"Nyuma ya ukuta, Madam. Kila siku."

"Hii filamu haikujui, haiwezi kukusingizia."

Ndinda akamgeukia Mutie. "Mwalimu, si wewe huniona nikifanya kazi? Waambie."

Mutie alikuwa na nafasi ya kuliziba shimo lile kwa neno moja. Badala yake akajikuna shingo, akaongea kama mtu anayehurumia. "Mimi huyu msichana namheshimu sana. Lakini siko na yeye kila saa. Kazi ikiwa mingi mtu huchoka, anasahau."

Ndinda alimtazama kwa muda, akashusha macho. Bi. Wariara alishangaa jinsi beji ya Mutie ilivyokuwa safi, akasema kwamba kwa mtu wa zamu za wikendi hajawahi kuona uangalifu wa namna ile hata Nairobi. Mutie aliipokea sifa ile kwa mikono miwili. Uamuzi ukatolewa siku hiyo hiyo: Ndinda asikanyage chumba cha eksirei, damu yake ipimwe kila mara, na kwa sasa akae dirishani kuandikisha wagonjwa. Usimamizi akapewa Mutie.

Habari hazikukaa hospitalini. Sokoni Mukuyuni wanawake waliuza ndizi na kuuza habari, kwamba mionzi imemchoma yule binti tumbo la uzazi. Ndinda alikuwa ameposwa na kijana mmoja mwalimu, jina lake Mbuvi, na tayari mbuzi wa kwanza walikuwa wamefika Tulia. Wazee wa akina Mbuvi wakatuma ujumbe kwamba mambo yasubiri kwanza. Waliosubiri hawakusema wanasubiri nini, lakini kila mtu alijua. Ndinda aliendelea kuja kazini, macho yamevimba, akiandika majina ya watu.

Ungedhani Mutie sasa angestarehe. Wapi. Alibandikiwa kibao chenye cheo chake mlangoni, lakini kila akichungulia dirishani aliwaona akina mama wamemzunguka Ndinda, wamemshika mkono, wanampa pole na mayai. Hata huruma waliyompa aliionea wivu. Alikuwa amemnyang'anya chumba, cheo na mchumba, na bado alihisi kwamba aliyeibiwa ni yeye.

Wakati huo kidole chake cha shahada kilianza kuwasha. Kwanza ngozi ilikuwa nyekundu na kavu, kucha ikapasuka kwa urefu, kisha pakatokea kidonda kidogo karibu na kiungo. Alipaka mafuta. Kidonda kikakaa. Akapaka dawa ya zambarau, kikazidi kutanuka, na maumivu yake yalikuwa ya ndani, yasiyotulia mtu akila wala akiomba. Kaluki alikitazama kila siku akikifunga.

"Baba Muli, hiyo kidole imekataa," alimwambia. "Enda kwa daktari, wacha kunificha."

Daktari Muthama alikigeuza kidole kile kwenye mwanga. Kisha akasema kwamba kama si beji ya Mutie kuwa safi vile, angeapa kwamba kile ni kidonda cha mionzi, maana aliwahi kuviona vya namna hiyo. Kwa kuwa beji ilikataa, basi itakuwa ni zile dawa kali za kuoshea picha. Akakisafisha, akakata kingo zake, akakishona. Mutie alitazama sindano ikiingia na kutoka, akijua kwamba daktari anatibu ugonjwa ambao haupo. Neno la kumwambia lilikuwa mdomoni, akalimeza. Nyuzi zilifumuka, na kidonda kikawa kikubwa kuliko mwanzo.

Bi. Wariara akaja kwa mara ya tatu, na safari hii jambo lililomleta lilikuwa geni. Damu ya Ndinda ilikuwa imepimwa na kupimwa tena, nayo haikuwa na kasoro yoyote. Akawakusanya wafanyakazi wote waliowahi kuingia katika chumba kile.

"Mionzi iliyo katika ile beji ni ya kweli, na ilimpata mtu aliyekuwa anatembea," alisema. "Kama si Ndinda, kuna mwili mwingine umeibeba. Sikuja kumfunga mtu. Nataka nimjue mapema, kwa sababu anaumwa au ataumwa, na akitibiwa kama mgonjwa wa kitu kingine ataharibika zaidi."

Mutie alikuwa ameuficha mkono mfukoni. Maneno yale yalimgonga kifuani, akafungua mdomo kabisa. Wakati huo huo Bi. Wariara alimshika Ndinda bega na kumwambia kwamba pengine atarudi kazini, na watu wakapiga makofi. Mutie akaona kibao chake mlangoni kikibanduliwa na jina la yule binti likiwekwa, akaona Mukuyuni nzima ikifurahi. Akaufunga mdomo. Kidole kilikuwa kinamuuma mpaka kwenye kiwiko, lakini wivu ulimuuma zaidi, na mtu hukimbilia kutuliza kinachouma zaidi.

Mvua zikaja, zikaenda. Kidole cha pili kikafuata njia ya kile cha kwanza. Mutie alikuwa hawezi tena kufunga vifungo vya shati, na Kaluki alimlisha huku akilia. Daktari Muthama akaamua kukata ngozi ya pajani na kuipandikiza mkononi. Asubuhi ya siku hiyo, akinawa mikono, alisema jambo la kumtia moyo.

"Bahati yako hii si mionzi," alisema. "Ingekuwa mionzi, nisingethubutu kuigusa na kisu hapa. Ngozi haiwezi kushika juu ya nyama iliyoungua hivyo. Ningekuumiza tu."

Mutie alikaa kitandani, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alihesabu nani mwingine angeweza kumwokoa, akaona hakuna. Uwongo wake ulikuwa umemfungia mlango wa hospitali akiwa ndani ya hospitali.

"Daktari, usikate," alisema. "Ile mionzi ya Ndinda ni yangu. Niliivaa mimi. Iko hapa."

Daktari Muthama aliondoka, akaenda kupiga simu Nairobi, na kwa muda mrefu Mutie alibaki na muuguzi mmoja ambaye hakujua atazame wapi. Bi. Wariara alipofika, hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza alisimama umbali gani, alishika wagonjwa wangapi, kioo kiliwaka kwa muda gani, ili ajue mkono ule umepata mionzi kiasi gani na nini kinaweza kuokolewa. Mutie alikuwa tayari kwa matusi, na maswali yale ya upole yalimdhoofisha kuliko matusi. Alijibu yote akilia. Bi. Wariara alipomaliza alimwambia jambo moja tu: angesema siku ile alipowauliza, kidole cha pili kingepona.

Hospitali ilimwachisha kazi. Mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa, akaungama, na Ndinda akasimama akasema amemsamehe. Wazee wa akina Mbuvi walirudi Tulia mbio na mbuzi wengine, wakaambiwa kwa adabu kwamba wale wa kwanza wawachukue pia, kwa kuwa binti amepata kazi nyingi ya kusimamia.

Kabla ya Mutie kupelekwa Nairobi kukatwa vidole, madaktari wa huko walitaka picha ya mkono waone mfupa umeliwa hadi wapi. Kwa hiyo aliingia tena katika chumba chake, safari hii kwa mlango wa wagonjwa. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Ndinda alimfunika aproni ya risasi kutoka shingoni hadi magotini, akaikaza vizuri mabegani, akaulaza mkono wake juu ya sahani ya picha na kuvitenganisha vidole kimoja kimoja, bila haraka, kama alivyomfanyia kila mtu.

Mutie alishindwa kuinua uso. "Mwanangu," alisema, "kanisani ulisema umenisamehe."

"Nilisema, Mwalimu," Ndinda akajibu. "Mbele ya watu nilisema. Hapa ndani bado najaribu."

Akasogea nyuma ya ukuta wa risasi, mahali pale pale alipokuwa akisimama siku zote, akamwambia asitikisike. Mtambo ukalia mara moja, ukanyamaza. Baadaye kidogo aliitoa filamu katika maji, akaitundika kwenye mwanga ili ikauke, na Mutie, ambaye katika maisha yake alikuwa amesoma picha nyingi kuliko madaktari wengi, hakuhitaji kusomewa hii. Mifupa miwili ilikuwa imeliwa kama muhindi ulioingiwa na fukusi. Alijua ni nani aliyeila, na ni kwa sababu ya nani, na kwamba yule aliyekusudiwa alikuwa amesimama kando yake, mzima, akifuta maji mikononi. Wahenga hawakukosea waliposema, mchimba kisima huingia mwenyewe.